Babu Nukta na Mashine ya Dirishani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, fundi wetu mkuu wa kompyuta atakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi hii ya ramani. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye meza moja. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mnaopenda kuhesabu makosa ya uandishi hesabuni polepole. Makosa makubwa yako mbele.

Alikuja hapa kwa wiki mbili tu, kutandaza nyaya. Akamaliza nyaya, akatengeneza printa, akafufua kompyuta ambayo watu walikuwa wanawekea vikombe, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aende. Jina lake la kwenye faili halitumiki. Sote tunamwita Babu Nukta, na sababu ni hii.

Kila prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani na kasi yake. Babu anaamini kila moja ina akiba kidogo iliyojificha, ila lazima uiombe kwa adabu. Unapandisha kasi hatua moja. Ikitetereka, unaiongezea umeme nukta sifuri moja ya volti, basi, maana umeme ukizidi utaiunguza. Ukimaliza hapo ndipo unaigusa memori, nayo hatua moja. Mashine ya dirishani, ile inayounganisha picha za angani ziwe ramani, ina miaka tisa na ofisi haijawahi kuinunulia mrithi. Mikononi mwa Babu ilikuwa inamaliza kwa siku tatu kazi ya siku nne.

Utaratibu wake ulikuwa unatuchosha. Akibadilisha kitu kimoja, kimoja tu, anaipa mashine jaribio zito tangu asubuhi na kuweka kiti chake mbele yake asiiguse mtu. Jua huingia dirishani kuanzia saa nane, na hapo ndipo joto huonyesha uongo wote. Kabla ya saa kumi haandiki neno "imetulia" kwenye kadi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Siku moja dada mchora ramani alitaka kuitumia, Babu akamwambia leo ina mtihani. Dada akasema, "Ikifaulu mtaipa likizo? Maana mimi nafaulu kila siku na sijaiona." Babu alicheka mpaka miwani ikaanguka, lakini kiti hakukiondoa.

Kwa nukta hizo tumetoa karatasi mia mbili ishirini na sita za ramani ya mkoa mzima. Zilikuwa zimebaki kumi na nne. Babu alikuwa na ombi moja tu kwa ofisi: aongezewe mkataba wa mwaka mmoja aione ya mwisho ikitoka. Mama mkuu wa ofisi alikuwa amekubali kwa mdomo.

Sasa nifike kwangu. Babu alipokwenda kupasuliwa jicho, wiki nzima, niliachiwa meza. Nikaona hapa ndipo pa kung'ara. Asubuhi moja nilipandisha kasi ya memori kutoka elfu tatu na mia mbili hadi elfu tatu na mia sita, na papo hapo nikapunguza umeme wa prosesa ili feni zisipige kelele. Mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Nikaipa jaribio la dakika ishirini, saa tatu asubuhi, dirisha likiwa bado baridi. Nikaandika kwenye kadi volti mpya, iliyoishia na saba, na neno: imetulia. Nikatoka kumtangazia mlinzi wa getini kwamba Babu akirudi atanikuta mimi ndiye fundi mkuu. Mlinzi akaniambia, "Mdogo wangu, wewe mpaka leo unasukuma mlango ulioandikwa vuta."

Ingezimika siku ile, ningejua. Haikuzimika. Ilifanya kazi kwa kasi nzuri ajabu, na kila mchana jua lilipoingia ikawa inakosea tarakimu moja hapa, moja pale, kimya kimya. Miezi mitatu baadaye mpima ardhi mmoja alirudisha karatasi iliyoweka shule katikati ya mto. Tulipokagua, karatasi sitini na moja zilikuwa zimeharibika, na nakala zake zote, kwa sababu nakala zilitengenezwa na mashine hiyo hiyo.

Kwenye kikao mama mkuu aliweka kadi mezani akauliza hii ni ya nani. Babu akiandika tarakimu ya saba huikata kistari katikati. Yangu haina. Babu akavaa miwani, akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. "Kadi ni yangu, mama," akasema. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Mkataba ukafia pale.

Kwenye korido aliniuliza swali moja, "Mjukuu wangu, ulibadilisha mangapi?" Nikasema mawili. Akasema, "Basi hatutajua ni lipi."

Juzi nilimweleza mama mkuu ukweli. Alinisikiliza, akasema barua ya kumaliza mkataba wa Babu imeshatoka na nafasi imefungwa, akaniruhusu niandike haya. Zile sitini na moja za kurudia na zile kumi na nne, karatasi sabini na tano zinasubiri sasa. Jumanne Babu alirudisha mashine kwenye kasi ya kiwandani. Miaka tisa ya nukta ilifutika kwa dakika nne, na hakutaka nimsaidie. Kwa mwendo huo sijui ramani itakwisha lini, wala kama itakwisha.

Ijumaa asubuhi ataiwashia jaribio lake la mwisho. Kadi ameshaijaza tarehe, kasi na volti. Mahali pa matokeo pako wazi. Nilimwambia aandike tu, kasi ya kiwandani haina wasiwasi. Akasema saa kumi yeye atakuwa anakabidhi funguo, ataandika aliyebaki.

Asante, Babu, kwa kila nukta, na kwa ile kadi ambayo haikuwa yako. Sote hapa tunakutakia siku zilizotulia na jicho jema. Kiti chako nimekiweka mbele ya mashine, hataigusa mtu. Matokeo nitayaandika saa kumi, si kabla, kwa mkono wangu, ule wenye saba isiyo na kistari.