Laurenti Ignatius Mbonde, Fundi Bodi wa Mingoyo, na Homa Isiyokuwa ya Bati

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa kanisani na wa msikitini, mliosafiri kutoka Kipatimu na mliovuka barabara tu kuja hapa: shikamooni, na poleni sana.

Haya ni maisha ya Laurenti Ignatius Mbonde, aliyeishi miaka thelathini na mitano na miezi minane. Yanasomwa na baba yake mdogo, Valentini. Familia iliomba yawe mafupi, maana mawingu yamekaa vibaya. Maelezo yamezidi kidogo kwa sababu ya Alfani, rafiki wa marehemu, ambaye jana alikuja kuchimba kaburi pamoja na wenzake akaambiwa arudi kwao. Wapo wanaosema bati aliloleta Alfani ndilo lililomuua Laurenti. Genoveva, mke wa marehemu, ameomba watu wajue ilivyokuwa kabla udongo haujamwagwa, ili Alfani naye asimame hapa kama ndugu.

Laurenti alizaliwa tarehe 10 Agosti 1989 katika vilima vya Kipatimu, wilaya ya Kilwa, mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu mzee Ignatius Mbonde na mama Benadetha, wakulima wa machungwa na mihogo. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, basi jina halikutafutwa. Mama Benadetha husema mtoto alitoka amekunja ngumi ya kulia, na mkunga akamwambia, "Huyu amekuja na mpini, nyundo ataikuta huku."

Alianza shule ya msingi mwaka 1998 akamaliza 2004. Hesabu zilimshinda na hakuwahi kuona haya kulisema. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu mkuu alianguka na baiskeli mteremkoni, madigadi, lile bati la kufunika tairi la mbele, ikakunjika ikawa kama sikio la mbwa. Laurenti aliifungua, akaviringisha sweta lake gotini, akaigonga kwa jiwe la kusagia dawa la bibi yake mpaka ikarudi. Mwalimu aliizungusha mkononi, akasema, "Mbonde, darasani husikii, lakini chuma kinakusikia wewe." Kuchaguliwa kwenda sekondari hakuchaguliwa.

Mwaka 2005 baba yake mdogo Valentini alimchukua akampeleka Kilwa Kivinje, kwenye gereji yake, akamfundisha kazi ya bodi kwa miaka sita. Mwaka 2011 alihamia hapa Mingoyo, njia panda, ambako magari hayakosi kugongana. Wengi mlio hapa mmepitisha milango na bampa zenu mikononi mwake. Puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, hakuipenda. Alisema mtu akipaka puti nene juu ya bonde amemdanganya mwenye gari, na mvua ya kwanza itamsema. Yeye aligonga kutoka nyuma, polepole, mpaka bati likubali lenyewe. Ndiyo maana kazi zake zilichelewa, na ndiyo maana mlimtukana Jumamosi mkamrudia Jumatatu.

Genoveva alimfahamu kwa vitumbua. Alikuwa akiuza asubuhi karibu na gereji, na Laurenti akinunua vitatu kila siku, akiacha alama nyeusi za vidole kwenye sahani. Siku moja Genoveva alimwambia, "Fundi, si unawe kwanza?" Akajibu, "Nikinawa utanijuaje?" Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 2018. Mtoto wao wa kwanza, Imani, alizaliwa Juni 2019. Laurenti alipopewa kumshika, alimpapasa kichwa kwa kiganja, taratibu, kama alivyopapasa milango ya magari, akafika pale utosini penye ulaini akashtuka: "Mama Imani, mtoto kabonyea!" Mama Benadetha alicheka mpaka akakaa chini. Alipoelezwa kwamba watoto wote huja hivyo na hujifunga wenyewe, alisema afadhali, maana hapo hakuwa na nyundo ndogo kiasi hicho.

Mwaka juzi alianza gari lake mwenyewe. Alisema, "Nimenyoosha fenda za watu miaka yote hii, hakuna hata moja iliyoanza na mimi." Fremu aliiunga kwa mabomba ya zamani ya maji. Injini ilikuwa kazi ya Alfani, fundi injini, jirani wa gereji, mtoto wa marehemu Bi Kadija. Bodi ilikuwa ya Laurenti, na ndani ya bodi yote alichokipenda zaidi ni fenda, yale mabati ya mviringo ya kufunika matairi. Alitaka nne, kila moja imesimama peke yake, imevimba vizuri kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba.

Alikata kwanza mfano wake kwenye boksi la sabuni, akauchora kwa chaki juu ya bati, akakata kwa mkasi, kisha akaanza kuligonga ndani ya shimo ili lipate tumbo. Shimo lenyewe lilikuwa kinu cha Genoveva. Aliazima kwa siku moja, wiki tatu zikapita. Genoveva alienda gereji na kisamvu chake kwenye ungo, akasimama. Laurenti akasema, "Subiri kidogo, mke wangu, fenda imo ndani." Mwisho alimchongea kingine kwa gogo la mkorosho. Na ukingo wa kila fenda aliukunja juu ya waya mnene, ili mtoto akipita mbio usimkate.

Watu walimtania. Abilahi, dereva wa Haisi, alisimama kila asubuhi kumuuliza, "Fundi, hilo gari au chura?" Laurenti akimjibu, "Chura utamwomba lifti, ngoja." Siku ya kufa kwake fenda tatu zilikuwa zimekamilika. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikuwa bado bati lililolala, limechorwa chaki tu. Jumamosi mwili ulipokuwa bado hospitali Lindi, mvua ilianza, na Genoveva alitoka nje mbio akalifunika lile bati kwa kanga zake mbili ili chaki isifutike. Wanawake waliomfuata walidhani amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa. Ule ulikuwa mchoro wa mwisho wa mkono wake.

Sasa habari ya bati. Mabati ya leo ni mepesi, yakigongwa yanapasuka. Laurenti alitafuta la zamani, zito. Alfani akamwambia banda la jiko la mama yake, Bi Kadija, aliyefariki mwaka 2023 kwa uzee, linabomolewa, na ndugu zake wamekubali. Akaleta mabati matano. Msibani hapa yamesemwa: bati la marehemu Bi Kadija limemfuata Laurenti mpaka limempata. Baba mdogo Valentini alijibu hapohapo, na anarudia leo: chini ya bati lile watu wamekula pilau miaka thelathini. Kama lingekuwa la kuua, lingeanza na sisi walafi.

Lakini bati lile lilikuwa na jambo moja, na mafundi wote wanalijua. Lilikuwa limepakwa zinki. Ukilichomelea, linatoa moshi mweupe, mdomo unakuwa mtamu vibaya, na jioni mtu anapata homa na kutetemeka. Asubuhi inakwisha. Wenyewe wanaiita homa ya bati, na dawa yao ni maziwa. Laurenti aliipata mara nyingi. Genoveva alimpashia maziwa, akalala, akaamka mzima, akaenda kazini. Hivyo ndivyo walivyoizoea homa ndani ya nyumba ile, kama mgeni anayejua kiti chake.

Jumatatu tarehe 28 Aprili Laurenti alichomelea fenda ya tatu. Jioni alitetemeka. Genoveva alimpa maziwa. Jumanne alichomelea tena, jioni akatetemeka zaidi, akalalamika kichwa. Maziwa tena. Jumatano tarehe 30 hakuchomelea kitu. Alikaa kivulini nyumbani akichora chaki ile ya fenda ya nne, na saa tisa homa ikaja.

Genoveva aliona. Aliona kwamba siku ile hapakuwa na moshi. Aliona pia kwamba vidole vya mumewe vimepauka ndani ya kucha. Yeye ni mama, homa za watoto anazijua kwa kugusa, na mkono wake ulimwambia hii si ile. Akapasha maziwa.

Saa kumi na moja Alfani alifika na pikipiki, hakuizima, akasimama mlangoni. Maneno yao yanaandikwa kama yalivyokuwa, kwa kuwa Alfani mwenyewe hajayasema kwa mtu yeyote tangu Jumamosi, hata alipofukuzwa.

"Shemeji," alisema, "leo hajachomelea. Homa ya bati haiji bila bati. Mtoe nimpeleke akapime."

Laurenti alijibu kutoka ndani, "Alfani, acha kelele zako. Moshi wa jana bado umo kifuani. Nikienda na homa ya bati, manesi watanicheka."

"Wakucheke. Kwani umewaoa?"

"Kesho."

Alfani akamtazama Genoveva. "Shemeji, sema wewe. Wewe atakusikia."

Grace, mtoto wao wa pili, alikuwa anaota meno, alilia tangu asubuhi, na ndiyo kwanza usingizi ulikuwa umemchukua. Genoveva akasema, "Shemeji, zima hiyo pikipiki, mtoto amelala. Kesho akizidi tutakwenda."

Alfani akaizima. Akaisukuma kwa mikono mpaka barabarani, asije akamwamsha mtoto.

Alhamisi asubuhi alirudi. Genoveva alimwambia mgonjwa ana nafuu, kakunywa kikombe kizima. Alfani aliingia, akatoka, akasema, "Nafuu gani, shemeji, ya mtu asiyejua nyundo yake iko wapi?" Genoveva alikasirika, akamwambia kila nyumba ina mwenyewe. Mchana Laurenti alimwita Imani kwa jina la baba yake, mzee Ignatius, akamwomba radhi kwa kuchelewa shule.

Ijumaa alfajiri hakuweza kusimama. Aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari ni Alfani. Aliyemkumbatia njia nzima mpaka Lindi ni Alfani. Daktari alipima akasema ni malaria, imepanda kichwani, na damu imekwisha. Akauliza, "Alianza lini?" Genoveva akasema Jumatatu. Daktari akasema, "Mama, leo ni Ijumaa." Damu ilipotakiwa, Alfani alikuwa wa kwanza kukunja shati.

Laurenti alifariki Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, saa nne asubuhi, baada ya kupakwa mafuta ya wagonjwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka, kiganja kinapapasa, kinakwenda na kurudi, kama kinatafuta bonde. Kikasimama.

Basi si bati. Si Bi Kadija, Mungu amrehemu. Si mkono wa mtu wala jicho la mtu. Ni malaria, na siku mbili ambazo Alfani aliomba zisipotee na zikapotea. Aliyezipoteza ni marehemu kwa ukaidi wake, na mkewe kwa kunyamaza akijua. Genoveva haombi kusamehewa leo, maana hata akisamehewa hana mahali pa kuuweka msamaha huo. Kila akifumba macho anasikia pikipiki ikizimwa. Hajui atawalea vipi watoto hawa, hajui akigusa homa ya mmoja wao mkono wake atauamini namna gani. Anawaomba ninyi wifi zake, kama hasira yenu inatafuta pa kukaa, ikae kwake. Yupo, haendi popote. Mtu aliyesema kweli mara mbili mlangoni asilipie waliokataa kuisikia.

Marehemu ameacha mama yake, Benadetha. Baba yake mdogo, Valentini. Dada zake watatu. Mke wake, Genoveva. Watoto wake, Imani wa miaka mitano na Grace wa miezi tisa. Na ndugu yake Alfani, ambaye hawakuzaliwa pamoja.

Mungu ampumzishe Laurenti mahali pasipo na homa. Mlio mbele, mpisheni Alfani.