Papa Floribert na Picha Zisizokimbia

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha afya, Papa Floribert Mukendi anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kama mchoraji wa vibao. Lile neno "Maternité" la bluu kwenye mlango wa wodi ya wazazi ni mkono wake. Kisha akapewa mapokezi, na miaka miwili iliyopita, tovuti. Hapo ndipo tulipoanza kuteseka.

Juu ya ukurasa wetu kuna picha zinazopishana, kila moja na tangazo lake. Zilikuwa kwa Kifaransa tu, na akina mama wa upande wa Kamatanda wasiokisoma walifika siku isiyo ya chanjo, mtoto mgongoni, wakarudi bure. Papa Floribert aliapa kwamba hataondoka kabla hawajaweza kusoma siku za chanjo kwa Kiswahili na Kiluba.

Fundi wetu Magloire (mume wangu mpenzi tangu Jumamosi tatu zilizopita, Mungu asifiwe!) akaweka kitufe cha kuchagua lugha. Ukikibonyeza, ukurasa wote unabadilika, isipokuwa picha. Kumbe Papa Floribert, mtu wa vibao, alikuwa ameyachora maneno ndani ya picha zenyewe! Zote ishirini na mbili zikaanzwa upya, maneno mbali, picha mbali.

Tukadhani yamekwisha. Wapi! Papa akamkalisha Mama Alphonsine, mfagiaji wetu, mbele ya skrini asome kwa sauti. Picha ikipita kabla hajamaliza, tunaiongezea sekunde. Tulirekebisha mara tisa. Magloire akilalamika, jibu lilikuwa moja: "Weye uko na haraka ya wapi? Acha mama asome, picha isimukimbie." Alitupigia simu hata asubuhi ya pili ya ndoa yetu, kwa ajili ya sekunde mbili. Magloire wangu, mpole kama maji mtungini, alimjibu vizuri. Mimi nilishindwa.

Alhamisi iliyopita, siku ya chanjo, akina mama kumi na saba wa Kamatanda walifika pamoja, siku yenyewe, simu mkononi. Tulipiga vigelegele hadi daktari akatoka nje. Papa Floribert aliomba simu ya mmoja wao, akatazama, akafuta macho, halafu akatuambia kwamba kwenye picha ya saba Kiluba kimekatwa neno la mwisho.

Kweli, limekatwa.

Papa, tunakushukuru kwa yote, hata yaliyotuchosha. Mungu akuzidishie miaka pamoja na mkeo, Mama Philomène, mpendane kama maarusi wapya. Neno hilo litakuwa mahali pake kabla ya Alhamisi ijayo.