Aliyouambia Mlango

Mgeni rasmi, Mama Velichka Karadzhova, mlinzi wa geti la reli la Dolna Breza, Mheshimiwa Meya, na ninyi wanakijiji mliojaa humu ukumbini hadi madirishani: tunawasalimu.

Makaribisho

Mama, tunajua hupendi kukaa mbele. Tangu uingie umekuwa ukiomba uhamie nyuma, karibu na jiko la kuni, nasi tunakataa kwa heshima zote. Miaka yote chama chetu cha watengeneza filamu kimealika wakubwa kuwa wageni rasmi wa maonyesho yetu. Wamekuja wamechelewa na wameondoka kabla filamu haijaanza. Safari hii tumemwalika mtu ambaye hajawahi kuichelewesha treni. Meya amekubali safu ya pili, na mkate wa kumkaribishia mgeni, na chumvi yake, umeumega wewe kwanza.

Risala hii inasomwa na Kalin, mpiga picha. Ilikuwa isomwe na Zornitsa, mwongozaji wa filamu yako, ila amesema akisimama hapa atalia, na sisi tunaomjua tumemwamini.

Sisi ni nani

Sisi ni watengeneza filamu za hali halisi wa kujitegemea. Maana yake hakuna aliyetutuma, na tukikwama njiani hakuna wa kutuvuta. Kiangazi tunapiga picha za harusi za watu, ili majira ya baridi tupate mafuta ya gari na kumfuata mtu ambaye maisha yake yametushika. Tunaaga nyumbani kwamba tunakwenda wiki moja, tunarudi watoto wamebadilisha meno.

Kwako tulifika reli imezama kwenye theluji. Ulifungua mlango, ukatutazama juu hadi chini, ukauliza, "Nyie hamna kwenu?" Kisha ukatupakulia maharage. Tukakaa misimu minne ya baridi, na maharage yako tuliyala tulivyoyala. Leo hatutaki kulizungumza hilo mbele ya Meya.

Changamoto

Betri zetu hufa kwenye baridi. Gari letu hupanda mlima likijisikia. Wanaotugharamia hutaka tuwaambie filamu itaishaje, ilhali mwenye maisha yake hajui kesho itakuwaje. Hayo tumeyazoea.

Lililotaka kutuvunja ni moja, nawe unalijua. Asubuhi moja Ognyan, fundi sauti wetu, alikubania maiki ndogo kwenye kola. Mchana tukatoka kula kwa jirani, naye akasahau kukuvua maiki na kuzima mashine ya kurekodi. Kosa hilo ni la watu wa kazi yetu peke yao: tuliondoka nyumbani kwako, masikio yetu yakabaki kwenye nguo yako. Ukafunga mlango, ukadhani uko peke yako, ukasema yaliyokuwa moyoni.

Zornitsa aliyasikia jioni kwenye hedifoni. Alijua ameshika kile ambacho wenzetu wengi hukitafuta hadi wanazeeka. Kituo cha televisheni cha nje kilichokuwa kinatugharamia, alipokigusia tu kwamba kuna sehemu ya namna hiyo, kikajibu kwamba bila sehemu hiyo hakuna mkataba. Zornitsa akasema lazima wewe uulizwe kwanza. Lyuben, mhariri wetu, mtu asiyegombana na yeyote, alimwambia, "Dada, samaki karuka mwenyewe ndani ya kapu, wewe unamrudisha mtoni?" Wengi wetu tulikuwa upande wa Lyuben.

Zornitsa hakubishana na mtu. Alibeba mashine, akapanda treni hadi getini kwako, akakuvalisha hedifoni. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukazivua.

"Hayo nilikuwa nauambia mlango," ukasema. "Nyie sikuwaambia."

"Tufute, Mama?"

"Futa, mwanangu. Halafu ule, umekonda."

Ognyan akaja kuyafuta mbele ya macho yako. Hayapo tena popote. Televisheni ikajitoa, nasi tukapiga picha za harusi, za ubatizo, na tangazo moja la soseji ambalo Zornitsa ametuomba tusilitaje.

Mafanikio

Mama, tulishinda.

Fundi sauti haondoki kwenye chumba kabla hajatusimamisha wote kimya arekodi ukimya wa chumba hicho, kwa kuwa kila chumba kina ukimya wake. Ulitucheka sana: "Mmetoka mji mkuu, Sofia kote huko, kuja kurekodi hamna kitu!" Basi ile hamna kitu ndiyo Lyuben aliyoiweka pale ambapo maneno yako yangekuwa. Unaonekana umekaa, unautazama mlango. Kuni zinalia jikoni. Treni inapita mbali, na wewe husemi neno.

Kwenye tamasha kubwa kule Poland, ukumbi mzima ulinyamaza pamoja nawe, kisha watu wakasimama wakipiga makofi. Tuzo kuu ni ya kwetu, na hiyo hapo mezani, mje muishike. Televisheni iliyotukimbia imerudi na maneno matamu. Zornitsa akaiambia ipange foleni nyuma ya Dolna Breza. Na juzi chama kimepitisha sheria kwamba mwenye sura na sauti inayorekodiwa ndiye mwenye neno la mwisho. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Lyuben. Tunajivuna, na hatuoni haya kusema hivyo.

Ombi

Kwa kawaida risala huomba barabara au paa jipya. Sisi tuna ombi moja, na ni wewe tu unayeweza kulitimiza.

Filamu ikiisha watu watakuzunguka. Kuna mwandishi wa habari ametoka Sofia, yupo safu ya tatu, naye ana haki ya kuuliza. Atakuuliza ulisema nini siku ile. Mama, tunakuomba usimjibu. Akikubembeleza, mpe maharage. Na ikitokea siku moja tukaja sisi wenyewe na chupa ya pombe ya rakia, tukauliza kana kwamba tunatania, tufungie nje mpaka akili zituingie. Kitu kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kurekodi ni kile ulichotukataza kukionyesha. Kibaki chako.

Mwenyezi Mungu akupe afya, kuni kavu, na treni zinazofika salama. Aibariki Dolna Breza na kila nyumba inayomfungulia mgeni mwenye kamera.

Ni sisi wanao,
Umoja wa Watengeneza Filamu Huru wa Milima ya Rodopi