Yared Cleopa, Guta Lake na Kesi Isiyotaka Kusikilizwa

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu hapa Mikumi hajawahi kupanda guta la Yared Cleopa, baiskeli ile ya magurudumu matatu yenye turubai la bluu, akashushwa mpaka mlangoni kwake na unga wake mkavu?

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 kijijini Zombo, wilayani Kilosa, akabatizwa Kianglikana, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1989, dawati moja na Valentino, ambaye leo amekaa pale nyuma na miwani yake myeusi, kisha wote wawili wakaenda kukata miwa Ruhembe, na mwaka 2012 wakachomelea guta la kwanza kwa ushirika, kabla Valentino hajanunua bajaji akajitenga.

Alifunga ndoa na Odilia tarehe 10 Oktoba 1998, wakajaliwa watoto wawili, Anitha na Goodhope.

Sasa kwenye hiyo bajaji ndipo roho ya mtu ilipoanza kuchacha, maana Valentino alikuwa na injini, redio na viti vya ngozi, lakini akina mama wa sokoni walikuwa wanampita hivi hivi wakiambiana, "Tumngoje baba Anitha," naye anabaki kuwasha na kuzima injini, wivu unamtafuna mpaka chai haipiti. Mwaka 2021 Yared alipopewa kibali rasmi cha kubeba abiria, rafiki yake wa dawati akakimbilia mahakamani kudai kibali ni batili, akapata zuio la muda, yaani amri kwamba guta lisibebe abiria mpaka kesi iishe, na ushahidi ulipokaribia kusikilizwa akaiondoa kesi, ikarudi kwa jina la mkewe, ikaondolewa, ikarudi kwa jina la shemeji yake, facts zile zile, zuio jipya. Hakutaka kushinda, alitaka guta lilale, and it worked, jamani, kuku wakatagia kwenye kiti cha abiria.

Mwaka 2023 Yared aligundulika na shinikizo la damu, na asubuhi ya tarehe 4 Machi mwaka huu kifua kilimbana, Odilia akawafukuza kuku, akatandika godoro kwenye guta, na mpwa wa Yared mwenye digrii ya sheria akashika usukani akimsihi, "Mjomba, mgonjwa wa nyumbani siyo abiria, panda twende." Yared akamjibu, "Hiyo digrii imekupa kazi gani mpaka niiamini? Nikikaa hapo nyuma mimi ni abiria, Valentino atasema nimevunja amri." Akakaa kizingitini kungoja gari la jirani Petro lirudi kutoka Malolo, likarudi, lakini alifika hospitali akiwa amechelewa, akafariki saa tano asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kwa heshima, Petro aliyeendesha kama mwendawazimu, majirani, na wenzake wa kijiwe cha maguta waliochimba kaburi tangu alfajiri. Lala kwa utulivu, baba Anitha, huko hakuna wa kukuwekea zuio.

Nawe Valentino, rambirambi yako imepokelewa, ila kesi bado ipo kwa jina la shemeji yako, na Goodhope anataka kuendesha guta la baba yake amlishe mama yake, basi Jumatatu nenda ukaiondoe, na safari hii usiirudishe kwa jina la kiumbe yeyote. Nanyi waheshimiwa mnaotia saini mazuio, kabla ya kutia nyingine, muulizeni anayeomba: shauri hili umeshalileta mara ngapi?