Mkono Mmoja Mfukoni: Bi. Waithira Nderitu Anastaafu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwahudumia wazee na watu wenye ulemavu majumbani mwao, Bi. Waithira Nderitu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Alipojiunga na Faraja Majumbani, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyakula vya mifugo hapa Eldoret, na wahudumu walikuwa watatu tu. Leo tuko zaidi ya arobaini, na wengi wetu tulifundishwa kazi na yeye. Ameniomba nisimsifu kupita kiasi. Nimejaribu.

Waithira ni mzaliwa wa Timboroa, na mtu wa Timboroa huiona baridi ya Eldoret kuwa mzaha. Mwezi wa Julai, sisi tukiwa ndani ya sweta mbili mbili, yeye huingia ofisini amekunja mikono ya blauzi na kuuliza ni nani amefunga dirisha. Anaimba akifanya kazi, na anaimba vibaya. Tumemwambia, wateja wamemwambia, hajaacha. Mzee Eliakim wa Soy, anayetumia kiti cha magurudumu, alikuwa akimwomba aimbe kila mara wageni wake walipokawia kuondoka.

Kazi yetu ina kishawishi chake, nacho ni kumfanyia mtu kila kitu. Ni haraka zaidi, na familia ikiona hufurahi. Lakini mtu anayefungiwa vifungo vya shati kila asubuhi, mwisho husahau kuvifunga. Waithira alikuwa na njia yake. Mteja akiwa amepooza mkono wa kulia, yeye hutia wake wa kushoto mfukoni mwa aproni na kufanya kazi kwa ule wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto ni wa mteja, na uamuzi pia ni wa mteja. Kazi ya dakika tano huchukua nusu saa, na hakuna anayeharakishwa.

Njia hiyo ilipata mtihani wake mkubwa kwa Mama Fatuma Bashir, aliyeuza vitambaa hapa mjini kwa miaka mingi kabla ya kiharusi kumpooza mkono wa kulia. Mwanawe Nur, mwenye malori Nairobi, alikuwa ameamua kwamba Ramadhani ikiisha atamhamishia mama yake kwake, na nyumba ya Eldoret ipangishwe. Alifanya hivyo kwa mapenzi, hilo sina shaka nalo. Lakini Mama Fatuma aliolewa katika nyumba hiyo, akamzika mumewe kutoka hapo, na hakutaka kwenda kukaa ghorofa ya sita akitazama paa za watu asiowajua. Alimwambia Waithira wazi kwamba akitolewa pale, hatakuwa na siku nyingi.

Wawili hao walipatana tangu siku ya kwanza, tena kwa bahati. Waithira alimvisha mkono wa kulia kwanza, na wakati wa kuvua akaanza na wa kushoto. Mama Fatuma akafurahi sana kupata mtu anayejua adabu za dini, akawasimulia majirani. Ilibidi Waithira aeleze kwamba yeye ni wa kanisa, na kwamba chuoni walifundishwa mkono mgonjwa uvishwe kwanza na uvuliwe mwisho. Mama Fatuma akasema basi mwalimu wao alilelewa vizuri.

Nur hakufurahi. Alipokuja kumtembelea mama yake, alimkuta akihangaika na mtandio wake huku mhudumu ameketi kando, mkono mfukoni. Alinipigia simu papo hapo: "Huyu mama amekuja kufanya kazi ama kutuangalia?" Nilimweleza kwa upole, lakini hakushawishika. Akasema pikapu ya kubeba vitu itakuja siku ileile aliyopanga.

Mama Fatuma aliamua kwamba kabla ya siku hiyo atamfuturisha mwanawe kwa sambusa za mkono wake. Tatizo ni kwamba sambusa inataka mikono miwili, na Waithira alikuwa hajawahi kukunja hata moja. Mwenye mkono wa kulia hakujua kazi, na aliyeijua alibaki na wa kushoto. Sambusa za kwanza zilipasuka zote ndani ya mafuta, wakazila hivyohivyo baada ya magharibi wakicheka. Waliendelea kila alasiri mpaka mikono ile miwili ikazoeana.

Nur alifika jioni ya mfungo wa mwisho, pikapu ikaegeshwa nje kungoja asubuhi. Alifuturu, akala sambusa kadhaa, kisha akauliza zimenunuliwa hoteli gani ili abebe za njiani. Mama yake akamjibu: "Hakuna hoteli. Tumepika mimi na Waithira, kila mtu na mkono moja." Nur hakuamini, akakunjiwa tatu mbele ya macho yake. Alitoka nje na kumwambia dereva arudi Nairobi bila mzigo. Hiyo ni miaka tisa iliyopita.

Habari za kustaafu zilipomfikia mwezi wa Juni, Nur alinipigia tena. Aliuliza kama sasa ndiyo wakati wa kumhamisha mama. Kusema kweli, nami nilikuwa na wasiwasi, kwa hivyo nilimpelekea mama mwenyewe swali hilo. Mama Fatuma alijibu kwamba anayeacha kazi ni Waithira, yeye hajaacha nyumba. Amewajaribu wahudumu wetu wawili, na amemchagua Jeruto.

Sheria yetu hairuhusu mhudumu kuketi kama mgeni kwa mteja, na Waithira hakuivunja hata mara moja. Juzi ujumbe wa Mama Fatuma ukamfikia hapa ofisini: "Jumatatu uje. Usipitie jikoni. Utakaa kwa sebule, chai nitaleta mimi." Waithira aliusoma, akaketi, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Na sisi tulilia.

Bi. Waithira, asante kwa kila nyumba ulimoingia. Sisi wenzako tunakuombea afya, usingizi mtamu wa Timboroa na miaka mingi ya kupumzika. Ila Jumatatu usichelewe. Unangojewa sebuleni, na mwenye nyumba yupo.