Ruzuku ya Kuzuia Maji

Kijiwe chetu kiko mbele ya ukumbi wa mtaa, kwa Shangazi muuza kahawa. Benchi ni ubao mmoja mpana, mzito, tuliouokota humohumo ukumbini na kuulaza juu ya matofali. Ukikaa pembeni vibaya, bawaba yenye kutu inakukamata suruali. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja: serikali inatoa ruzuku ya kuimarisha majengo ya jamii yahimili majanga, na ukumbi wetu umo. Mvua zilizopita watu wa bondeni walikimbilia humo, maji yakawafuata hadi ndani. Shangazi alikesha juu ya meza na wajukuu zake.

— Tatizo ni msingi, alianza Fundi Bomba. Jengo zito hunyonya maji kutoka chini.

— Bomba la kwako linavuja tangu mwaka juzi, nalo ni zito? aliuliza kinyozi, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba hajui kitu.

— Mganga hajigangi, bwana.

— Basi sikilizeni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuziba, na ukuta tunajengewa bure. Tutulie hivihivi.

Kepteni, dereva wa lori mstaafu, akatikisa kichwa.

— Ukuta wa nini? Wafunge mapipa chini ya ukumbi. Maji yakija, unaelea.

— Ukielea mpaka mtaa wa pili?

— Tunaufunga kamba.

— Kwenye nini?

— Kwako wewe, Profesa. Ukishakaa hapa hung'oki.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Shangazi hakucheka. Alitazama mawingu, akatujazia vikombe polepole.

— Mkimaliza kuelea, mniambie wajukuu wangu watalala wapi safari hii.

Hilo lilituuma.

Ndipo akaja binti mmoja mwenye kofia ngumu na futikamba, mkaguzi wa ruzuku. Akatuamkia shikamooni, tukaitikia marahaba kwa pamoja. Akaingia ukumbini, akagonga kuta, akachungulia msingi, kisha akasimama kizingitini akipima.

— Wazee wangu, jengo lenu ni imara. Kuta nzima, msingi mzima. Maji yalipitia hapa mbele tu. Fremu ninaiona, na mahali pa bawaba ninapaona. Mlango wenyewe uko wapi?

Fundi Bomba akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Kepteni akasogeza goti taratibu, akaifunika bawaba. Mimi nilitazama barabara, ingawa hapakuwa na gari wala mtu.

Shangazi akaweka birika chini.

— Subiri kidogo, mwanangu, alimwambia. Wazee hawa wanataka kusimama.

Profesa alikuwa wa kwanza.