Safari ya Mzee Mara Tatu, Mpimaji wa Ndama na Watoto

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake alifuga mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka, kwa hiyo watoto walikua katikati ya vipande vya vitambaa, chaki na utepe wa kupimia. Utepe wenyewe ulikuwa mkuukuu, umekatika inchi mbili za mwanzo. Kila aliyeutumia alitakiwa akumbuke kutoa mbili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958. Akiwa na miaka tisa baba yake alimwachia kazi ya kumpima mwalimu wake wa hesabu, naye akasahau kutoa mbili. Suruali ikatoka ndefu, inafagia sakafu. Baba yake aliona aibu, akataka kuipunguza siku hiyo hiyo. Mwalimu akakataa. "Iache, fundi. Nitaivaa hivi hivi mpaka kijana wako ajue kutoa." Akaivaa muhula mzima, ameikunja chini, na kila alipopita kati ya madawati marehemu aliinamisha kichwa. Hadithi hiyo aliipenda mpaka uzeeni, na kila alipoisimulia alicheka kabla hajafika mwisho.

Baada ya shule alisomea afya ya mifugo kwa miaka miwili, na tarehe 2 Septemba 1974 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa afya ya watu na wanyama. Kazi yake ilikuwa kupima. Alipima ndama zizini na watoto majumbani, akaandika uzito daftarini, na madaftari yakaenda kwa watu wa takwimu. Hakuwa mtu wa maneno makubwa. Kila asubuhi, kabla ya kumpandisha mtu au mnyama kwenye mizani, aliweka kwanza jiwe lake la kilo tano na kuandika mizani imesoma ngapi. Kisha alipima kila mmoja mara tatu, na alipoandika mara ya pili aliifunika ile ya kwanza kwa kiganja. Wenzake walipomuuliza kwa nini anajificha mwenyewe, alijibu, "Jicho likishaiona namba, litaitafuta tena." Hapo ndipo wakamwita Mara Tatu, na jina likamganda, hata watoto wa mtaani walimwamkia, "Shikamoo, Mzee Mara Tatu!" wakarudia salamu mara tatu na kukimbia.

Mwaka 1977 alitumwa kukagua mizani ya kliniki ya watoto iliyokuwa ng'ambo ya ua wa kituo. Aliweka jiwe lake, akasoma, akakohoa.

"Nesi, mizani yako inaongeza gramu mia mbili. Watoto wako wananenepa humu ndani, wakitoka nje wanakonda."

Nesi hakuinua hata kichwa. "Na hilo jiwe lako, limepimwa na nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Alilipeleka jiwe mjini likapimwe, akarudi baada ya wiki tatu na cheti. "Jiwe ni zima," akasema. Nesi akasoma cheti, akakikunja, akamwuliza kama amekula. Walifunga ndoa tarehe 7 Julai 1979, wakajaliwa watoto wanne. Cheti kile bado kimo kabatini, pamoja na cheti cha ndoa.

Mwaka 1996 kituo kilikuwa na utafiti mkubwa. Ulitaka kujua kama ng'ombe na ndama wa nyumba fulani wakitibiwa minyoo, watoto wa nyumba hiyo nao wangeongezeka uzito. Zilikuwa nyumba arobaini, na marehemu ndiye aliyekuwa mkuu wa wapimaji. Mwezi wa tano mkewe alilazwa na mimba ya mtoto wa nne, mimba iliyokuwa inatishia kutoka. Kwa wiki sita marehemu alikuwa mtu wa kukimbia, asubuhi wodini, mchana zizini, jioni nyumbani kuwapikia watatu waliobaki. Watoto wa watu aliendelea kuwapima mara tatu kama kawaida. Lakini ndama, alipochelewa, aliwatazama tu na kuandika. Jicho lake lilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kazi, akaliamini.

Mtoto alizaliwa salama tarehe 30 Juni, kilo moja na gramu mia tisa. Wiki mbili baadaye dada wa takwimu, msichana mpya kazini, alisimama mezani kwa marehemu na karatasi mkononi.

"Mzee wangu, naomba nikuulize, usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu."

"Hawa ndama wako wa mwezi wa tano na wa sita wana nidhamu sana. Karibu wote uzito wao unaishia na sifuri au tano. Miezi mingine tarakimu zimechanganyika, kama inavyotakiwa. Mizani imeharibika?"

Mizani ilikuwa kuukuu, na kila mtu alijua. Angesema ndiyo, yangekwisha hapo hapo. Marehemu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mizani ni nzima. Mbovu nilikuwa mimi. Nilipima kwa jicho."

Vipimo mia mbili na kumi na viwili vilitolewa kwenye utafiti, na utafiti ukaongezwa miezi minne. Yeye akavuliwa ukuu kwa mwaka mzima. Alirudi kwenye nyumba zile arobaini kwa miguu, akaomba radhi kila mlango. Mfugaji mmoja alimwambia, "Mzee, kwa ndama tu unajisumbua hivi?" Akamjibu, "Dawa atakayopewa mtoto wako itatoka humu daftarini." Tangu hapo wapimaji wote aliowafundisha, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011, aliwaambia jambo moja kabla ya kuwaonyesha mizani: "Usipopima, acha wazi. Usimwandikie mtu namba kwa sababu unamhurumia, wala kwa sababu umechoka."

Yule mtoto wa kilo moja na gramu mia tisa ndiye kitindamimba wake, aliyerudi nyumbani kumuuguza mwaka 2021, moyo wake ulipoanza kuchoka. Daktari aliagiza apimwe uzito kila asubuhi, kwa kuwa maji yakijaa mwilini mizani huyaona kabla ya macho. Marehemu alifurahi kama aliyerudishwa kazini. Alichora mistari ya daftari mwenyewe. Kitindamimba alikuja na mtoto mchanga, naye mtoto akaingizwa kwenye ratiba: mama anapanda mizani na mtoto, kisha peke yake, halafu babu anatoa. "Mjukuu wangu anajitikisa makusudi," alisema, "anataka tumpime mara ya nne."

Mwaka huu wa 2023, tarehe 5 Juni, mizani ilisoma kilo 71.4. Kesho yake 72.6. Tarehe 7 ikasoma 73.5. Asubuhi hiyo kitindamimba alishika kalamu bila kuandika, maana mama yake alikuwa mlangoni anasubiri kusikia, na kilo moja ni rahisi kuificha. Baba yake akamtazama. "Soma tena." Akasoma tena, mara tatu, akaandika alichokiona. Mchana wakaenda hospitali.

Tarehe 9 Juni, siku ya Ijumaa, nesi wa wodi aliisogeza mizani kando ya kitanda. Marehemu alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Kitindamimba alikuwa ameshaandika tarehe. Alitamani kuandika kitu, namba yoyote iliyo chini ya ile ya jana, baba aione afurahi.

"Umeandika ngapi?"

"Sijaandika, baba. Hujapanda."

"Vizuri, mama. Acha wazi."

Alifariki saa nne na dakika arobaini asubuhi hiyo, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi miwili na siku ishirini na sita. Mstari wa tarehe 9 Juni uko wazi, na nyumbani kwake hakuna atakayeujaza.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, dada mmoja, wapimaji wengi aliowafundisha, na jiwe la kilo tano ambalo bado ni kilo tano.

Apumzike kwa amani Mzee Mara Tatu. Amepima vya kutosha.